Nilitaka kurudi kukereza mbao, salfa ya mikorosho ikanitangulia kifuani

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena nikaufuta. Leo nauachia hivyo hivyo ulivyo. Yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Newala, na sijatia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Nianze na wasiojua. Kukereza si kuchonga.

Wachongaji wetu wa huku mnawajua, vinyago vyao vimefika mpaka Ulaya. Mchongaji anakaa chini na tezo, gogo limetulia, mkono ndio unatembea. Mkerezaji ni kinyume chake. Mbao inafungwa kwenye mashine, inazunguka kwa kasi, wewe unaisogezea patasi na inamenyeka mpaka inakuwa duara. Ile miguu ya vitanda vya zamani yenye mapingili, nguzo za ngazi, michi, bakuli, zote hizo ni kazi za mkerezaji.

Kazi hiyo nilifundishwa Masasi nikiwa kijana, na Fundi Chilumba, Mungu amrehemu. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na mke wangu analijua hilo, alishanisamehe zamani.

Halafu vikaja vitanda vya chuma. Oda zikakata, fundi akafunga karakana, mimi nikaingia kwenye malori. Nikawa turniboi, baadaye dereva. Miaka ikaenda.

Nimeoa Newala, na kwa mila za huku mwanaume ndiye anayehamia ukweni. Kiwanja ni cha mke wangu. Mikorosho ni ya mke wangu, kapewa na mama yake. Sisemi kwa ubaya, wakwe zangu ni watu wazuri na sijawahi kunyimwa kitu. Ila nilipoacha udereva nikakaa nyumbani, ndipo nikagundua kwamba pale kwenye boma lote hakuna kitu ninachoweza kukinyooshea kidole nikasema hiki changu. Nina mikono yangu tu, na mikono yenyewe inajua kazi moja.

Nikawa naota kukereza. Kuota kabisa, usingizini.

Sasa siku moja nimeenda Masasi kwenye msiba. Katika kupita pita nikaona kwenye banda la nyumba moja kuna chuma kirefu, kuku wamelala juu yake. Nilikitambua kabla sijafika karibu, ni mashine ya kukerezea. Mama mwenye nyumba akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Hiki chuma kinauzwa?"

"Kama una pa kukipeleka. Marehemu mume wangu alikuwa hataki hata mtu akiegemee. Sasa wanakilalia kuku."

Nikaomba nikiguse. Nikazungusha kichwa cha mashine kwa mkono, kikazunguka laini kabisa, beringi nzima, utadhani kilizimwa jana. Wakuu, nilisimama pale na machozi yananilenga mbele ya mama wa watu.

Hela sikuwa nayo. Yule mama akasema hatampa mtu mwingine, atanisubiri mpaka msimu wa kupuliza uishe. Alijua mtu wa Newala hela yake inatoka wapi.

Nieleze na hili kwa watu wa mikoa mingine. Mikorosho ikianza kutoa maua lazima ipulizwe salfa, ule unga wa njano, la sivyo ukungu unakula maua na hupati kitu. Unabeba mashine mgongoni, unaingia shambani alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, kabla upepo haujaamka. Wenye mashamba makubwa wanatafuta watu wa kuwapulizia. Kibarua ni kigumu ila kinalipa.

Nikaingia kazini na mlamu wangu, yaani shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Yeye hiyo kazi kaifanya tangu zamani. Tulipuliza Newala, tukapuliza Kitangari, tukaenda mpaka mashamba ya upande wa Tandahimba. Mimi nilikuwa nachukua shamba lolote. Mtu akisema sina mpulizaji, nasema nipo.

Kinga yangu ilikuwa kitambaa puani. Na maziwa.

Wewe unayesoma ukiwa Tandahimba usijifanye hujui habari ya maziwa. Huku tunaamini ukinywa maziwa kabla ya kuingia shambani, salfa haikai kifuani, inateleza inashuka. Mlamu ndiye aliyenisisitiza.

"Kunywa mlamu, kunywa. Salfa si sumu, ni dawa. Mbona sisi tupo?"

Nikanywa. Nilikunywa maziwa msimu mzima kama ndama.

Halafu kuna suala la maji. Anayekaa huku juu anajua maji kwetu ni mtihani. Mtaani kwetu kipindi kile tulikuwa tunaletewa madumu kwa bodaboda kutoka bondeni. Mimi narudi asubuhi mwili mzima njano, nyusi njano, mpaka masikioni. Nikiyaangalia yale madumu naona aibu kuyamwaga. Najipangusa na kitambaa, natupa mwili kitandani.

Mke wangu alikuwa anasimama mlangoni.

"Baba Zuhura, oga."

"Maji ya kupikia yatatosha?"

"Oga kwanza. Ya kupikia nitajua mimi."

Siogi. Najigeuza ukutani, nalala na salfa yangu. Na nilijiona mwanaume anayeijali nyumba yake, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kikohozi kilianza katikati ya msimu. Nani Newala hakohoi msimu ule? Asubuhi ukungu na baridi, mtaa mzima unakohoa. Nikakipuuza.

Msimu ukaisha, nikamlipa yule mama, nikapakia mashine kwenye fuso. Njia nzima kutoka Masasi nilikaa nyuma nimeishika. Dereva ananiita nikae mbele, nikakataa.

Karakana nilijenga nyuma ya nyumba, mabati juu mpaka chini, bila dirisha hata moja kwa kuogopa wezi. Mota nilipata iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Patasi nilifuliwa na fundi chuma, kwa spring za gari, maana patasi za kukerezea za dukani huku huzipati. Nikafunga, nikasawazisha, nikapaka grisi. Mlamu akaja kunisaidia waya. Siku ya kuwasha majirani walikuja kuangalia kama wanaangalia harusi.

Nikafunga kipande cha mninga, nikabonyeza swichi.

Wakuu, mkono hausahau. Nilidhani nitaaibika. Nimeweka patasi tu, maranda yakaanza kutoka marefu, yananiangukia kwenye viatu, na ile harufu ya mninga ikajaa banda zima. Nilikereza mchi. Kitu rahisi kabisa, anachofundishwa mwanafunzi wa kwanza. Nikampelekea mke wangu. Akaugeuza geuza, akapitisha kiganja, akasema, "Huu sitwangii kitu." Akaenda kuuweka chumbani.

Sijui niieleze vipi furaha ya siku ile. Nilikuwa mtu mwenye kitu chake.

Jioni nilikohoa sana. Sikujali.

Wiki zilizofuata watu wakaanza kuleta oda. Mmoja wa Chidya alitaka miguu ya kitanda ya mtindo wa zamani, akaniletea mkongo mzuri kabisa. Kukereza kulienda vizuri. Tatizo likaja kwenye msasa. Mnaojua kazi mnaelewa, ukipiga msasa mbao ikiwa inazunguka, vumbi linalotoka ni laini kama poda, na mimi nilikuwa kwenye banda la bati lisilo na dirisha.

Kifua kikafunga. Sikukohoa, kilifunga tu. Kuvuta hewa ikawa kama kuvuta uji mzito kwa mrija. Nikatafuta swichi sikuiona. Nikapiga magoti. Mke wangu anasema alisikia mashine inalia kwa sauti moja muda mrefu, bila patasi kugusa mbao, ndipo akaja. Alinivuta kwa shati mpaka nje.

Nikatibiwa Newala, nikaambiwa niende Masasi. Daktari kijana, mpole. Akanipima, akanipulizisha kwenye kidude, akauliza kazi yangu. Nikamwambia nakereza mbao. Akauliza kabla ya hapo. Nikamwambia salfa.

"Ulivaa nini mdomoni?"

"Kitambaa. Na maziwa nilikunywa."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Baba, kifua chako kimeshachokozwa. Kwa sasa kila vumbi ni adui yako."

"Hata la mbao?"

"La mbao ndilo baya zaidi kwako."

"Mpaka lini?"

Akainama akaendelea kuandika dawa.

Msiniambie sikujaribu. Nilinunua barakoa zile nzito, nikahisi nakabwa. Nilitoboa mabati upande mzima. Nikaitoa mashine nje kabisa, nikakereza kwenye upepo, nikageuza mgongo, nikaloanisha mbao. Kila mara ni hivyo hivyo, dakika chache za raha halafu inhaler mkononi, halafu usiku mzima nimekaa nimeegemea ukuta kwa sababu nikilala napaliwa. Zuhura akipiga simu kutoka Mtwara mama yake anamwambia baba yako kalala.

Na mlamu mzima kabisa. Shamba lile lile, maziwa yale yale, na yeye msimu huu kaenda tena kupuliza. Alikuja kuniona, akaniambia, "Sijui kifua chako kimekuwaje, mlamu." Kwa nia njema kabisa. Nilitamani kumtoa nje kwa ngumi. Nalisema hapa kwa sababu hasomi humu.

Hali yangu ya moyo ni mbaya, siwafichi. Nalala mchana. Watu wakija kuulizia oda nawadanganya mota imeungua, kwa sababu mota ikiungua watu wanasema pole wanaondoka. Ukisema kifua, wanakaa kukupa ushauri wa mizizi.

Mwezi uliopita nilikubali kuiuza mashine.

Mnunuzi ni fundi wa Tandahimba, kijana wa makamo, mstaarabu. Akasema kabla ya kupakia anaomba aijaribu. Ana haki. Akaingia ndani na kipande chake cha mbao, mimi nikabaki nje, mbali kidogo na mlango, kwa ajili ya vumbi. Mke wangu alikuwa pembeni yangu anapepeta mchele.

Mashine ikawaka. Nikaijua ile sauti.

Halafu akaweka patasi, nikasikia inagonga. Tak, tak, tak. Patasi ikigonga vile maana yake mkono uko juu, inachimba badala ya kumenya. Mtu akiendelea hivyo atakuja kung'olewa patasi imrukie usoni. Sikuwa nimeona chochote, nilisikia tu. Nikapaza sauti:

"Shusha mkono! Shusha mpini, patasi ilalie mbao!"

Sauti haikufika. Kikohozi kilinikamata kwenye neno la pili, nikainama. Kule ndani bado inagonga. Nikajiburuza kuelekea mlangoni, nimwonyeshe tu, sekunde moja, nimshike kiwiko nimwonyeshe.

Mke wangu akanishika mkono.

"Baba Zuhura. Mwache. Si yako tena."

Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, na alikuwa analia.

Nikakaa chini pale kando ya ungo wa mchele. Yule kijana akaendelea kugonga mpaka aliporidhika, akatoka, akasema mashine nzuri sana mzee, hongera. Nikamwambia mpini uwe chini. Akasema sawa. Sidhani kama alielewa. Wakapakia wakaondoka.

Somo ni jepesi, wakuu, ndiyo maana linauma. Salfa ni dawa ya mkorosho, si dawa ya mtu. Maziwa ni ya kunywea chai. Nunua barakoa ya maana kabla hujanunua hata lita moja ya mafuta ya mashine ya kupulizia. Na ukitoka shambani oga, hata kama maji hayo ndiyo ya mwisho ndani ya nyumba. Mkeo akikwambia ya kupikia atajua yeye, basi mwamini, atajua yeye.

Nimeandika haya kwa wanaoingia msimu huu. Na nina swali moja kwa aliyewahi kuumwa kifua cha namna hii, cha salfa, cha saruji, cha mashine ya kusaga, chochote.

Ulirudi kazini?

Msinipe moyo, nimepewa wa kutosha. Kama jibu ni hapana, andika hapana tu. Nitasoma yote.