Jina la Bibi Yake Mama

Mama alipozeeka alianza kumwota bibi yake, mzaa baba yake, ambaye hakuwahi kumwona. Bibi huyo alifariki akimwacha mtoto angali ananyonya, na jina lake likasahaulika. Mama alinisimulia asubuhi moja tukianika ulezi nyumbani kwetu Mwazye, huku mlimani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba.

"Anakuja, anakaa karibu na moto," alisema. "Nataka kumwamkia, lakini sijui nimwite nani."

Nikaenda parokiani. Katekista akaniambia kwamba kitabu cha ndoa za zamani kilikwenda Ulaya na mapadri wa Kizungu waliporudi kwao. Binti yangu alikuwa hukohuko, akisomea uuguzi. Nikamwomba akitafute. Aliandika barua, akajibiwa, na Jumamosi moja akapanda treni mpaka kwenye nyumba ya mapadri wale, akatupigia simu ya video. Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona huko nje kumekuwa kweupe hivyo?"

"Ni theluji, bibi."

Nyuma ya binti yangu padri mzee alikuwa akifunua kurasa taratibu na kumtafsiria Kilatini. Jina la babu yake mama tulilijua, na kwa jina hilo wakaipata ndoa.

"Huyu hapa babu," binti yangu alisema. Kisha akayasoma majina ya bibi harusi: la ubatizo, na la nyumbani. "Ametokea Milepa. Shahidi wake ni kaka yake."

Mama alilitamka lile jina la nyumbani polepole, akalirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Halafu akaangua kicheko.

"Milepa! Kumbe mimi ni mtu wa bondeni!"

Mvua zilipokatika tulisafiri hadi Sumbawanga mjini, na kutoka pale tukateremka bondeni. Joto lilitupanda miguuni, na ziwa likametameta mbali kiasi kwamba sikujua kama ni maji au ni anga. Milepa tuliulizia ukoo wa yule kaka. Tukapelekwa kwa mzee wa rika la mama, aliyetoka shambani na tope la mpunga miguuni. Alimsikiliza mama hadi mwisho.

"Babu yetu alikuwa na dada aliyepanda mlimani kuolewa," alisema. "Kila baada ya mavuno babu alisema mwakani atakwenda kumwona. Hakwenda." Akamshika mama mkono. "Karibu nyumbani, dada."

Mama alilia bila sauti. Wakachinja kuku, na majirani wakaja kumtazama, wakisema paji lake la uso ni lao.

Kesho yake nilipofunga mizigo, yeye alikuwa amekaa na wanawake akipepeta mchele.

"Wewe nenda," aliniambia. "Mimi nimechelewa sana kufika. Acha nikae kidogo."

Nikapanda gari peke yangu. Gari lilivyozidi kupanda mlima hewa ikapoa, nikavaa sweta.