Shingo ya Papa, Koo la Bunduki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya bunduki pale Umbilo, nilikabidhiwa bunduki kuukuu na bakuli la vichwa vya risasi vilivyotoka kusubiwa, yaani kumiminwa vikiwa vimeyeyuka. Msimamizi, Mkongo wa Bukavu tuliyemwita Papa, aliniambia, “Kwanza upime shingo. Kisha upitishe risasi mu kalibu.”

Kalibu ni pete ya chuma kigumu. Kichwa cha risasi kikisukumwa humo kinatoka na unene unaotakiwa. Mimi, mtu wa Kigoma niliyejiona ndiye mwenye Kiswahili, nikapima shingo ya ganda la risasi, pale linapobana kichwa, nikachagua kalibu kwa kipimo hicho.

Bunduki ilikuwa ya Mama Dlamini, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Jumamosi klabu yake ilikuwa na mashindano ya shabaha, na alishatuambia: ikikosa tena, anaipeleka polisi ikayeyushwe. Alhamisi alikuja kuijaribu. Matundu yakatapakaa karatasi nzima. Mama akafunga mkoba wake, nami nikamwonea huruma kweli.

Alipoondoka, Papa aliokota kichwa kimoja.

“Eish, hii iko nyembamba. Ulipima shingo?”

“Nilipima, Papa. Ya ganda.”

“Ya ganda? Mi nasema ya ndani, kwenye chakula inapitaka.”

“Hiyo kwetu ni koo, Papa.”

Alicheka mpaka akashika meza. Koo la bunduki ni kipande kifupi mbele ya chemba linamokaa ganda, mlango wa mtutu. Risasi ikipwaya hapo, moto unapenya pembeni na kuiyeyusha. Tukagonga donge laini la madini ya risasi kooni, tukalitoa, tukalipima, tukachukua kalibu pana zaidi. Tukasubu vichwa vipya, tukavipitisha humo. Kila kichwa kiliingia kooni kwa kusukumwa na kidole, kikabana kidogo, kikatulia. Nilitaka Jumamosi ifike saa ile ile.

Ilipofika, Mama Dlamini alipiga, sisi nyuma yake tumebana pumzi. Matundu yote yangefunikwa na kikombe cha chai. Akaikumbatia bunduki ya mumewe, akatuambia, “Sharp,” yaani safi kabisa. Nilimrukia Papa kama mtoto.

Lakini neno koo Papa alilikataa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Sasa nimestaafu, nakaa Greyville, mji ule ule. Vijana mnaoshika kazi hii, msiamini namba ya unene kwenye boksi la risasi. Pimeni bunduki yenyewe. Juzi Papa alinipigia simu, sauti imekauka, akisema anaumwa shingo.

“Ya ganda au ya chakula?” nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakohoa.

“Koo, Mtanzania,” akasema. “Iko koo.”