Salamu Tatu na Tairi Lisilo Upepo

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najiona mpumbavu upya. Nishakusimulia mara ngapi sijui. Unanisikiliza huku macho yako kwenye simu, kisha unakwenda kufanya yale yale. Jana jirani kaja kuomba pampu ya baiskeli, nawe ukauliza kwanza kama ni mtu wa upande wetu. Nilikusikia. Masikio yangu bado mazima. Haya, kaa hapa, na hiyo simu iweke chini.

Ujana wangu ulikuwa Wete, na raha yangu ilikuwa baiskeli. Sikuwa fundi wa duka. Nilikuwa na spana mbili, beseni la maji, kipande cha msasa na gundi ya viraka, basi. Ijumaa tukishatoka msikitini, marafiki walikuja barazani kwetu na baiskeli zao, tunazipindua, kiti chini, magurudumu juu. Mpira wa ndani nauzamisha kwenye beseni, panapotoka mapovu ndipo palipotoboka. Napasugua, napaka gundi, nabandika kiraka, nakikandamiza kwa kidole gumba huku nasikiliza masihara yao. Zikishapona zote tunatoka pamoja njia ya Konde. Wasio na baiskeli tunawapakia nyuma kwenye keria, na penye mlima tunapokezana kukanyaga. Baiskeli iliyokuja inasukumwa, kuiona inaondoka inakimbia na mwenyewe anacheka, furaha yake ilinitosha wiki nzima.

Faki wa Kiuyu hakukosa Ijumaa hata moja. Tulikua pamoja, maana mama alipofariki nililelewa huko kijijini Kiuyu na shangazi yangu, Bi Time, mpaka nilipohamia Wete mjini. Yeye ndiye mama niliyemjua.

Kisha zikaja siasa. Wewe ulizisoma skuli, sisi zilituingia mpaka vyumbani. Watu wa chama hiki hawanunui duka la watu wa chama kile, hawaendi harusi zao, wengine hata maziko. Nami, na akili zangu timamu, nikakubali. Faki alikuwa upande wa pili. Ijumaa ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, na mimi sikumtafuta. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Asubuhi moja nimeinama barazani nafunga mnyororo, wenzangu wa chama wamekaa, mara Faki huyo anakuja anasukuma baiskeli yake, tairi la mbele limelala kabisa.

"Assalamu alaikum."

Nikanyamaza. Akarudia. Wenzangu wananitazama mimi, hawamtazami yeye. Akatoa salamu ya tatu, nami badala ya kuitikia nikasema bila kuinua uso, "Baiskeli za watu wenu sizitengenezi."

Unajua kwetu mtu hatoi haja yake kabla hajaitikiwa salamu. Salamu tatu usipozijibu, umeshamfukuza. Faki akaigeuza baiskeli akaondoka nayo, jasho limemlowesha shati. Wenzangu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Adhuhuri imeshaadhiniwa, kaka yangu akarudi mbio kutoka shamba. Faki alikuwa kamfuata huko kwa miguu kumwambia kuwa Bi Time yu hoi tangu alfajiri, na ananiulizia mimi. Faki ndiye aliyetumwa kuja kunichukua kwenye keria, tairi likatoboka kwenye mawe karibu na mjini. Mimi nilidhani kaleta haja yake, kumbe kaleta yangu.

Nikampakia kaka nikakanyaga mpaka miguu ikawa haina hisia. Tulipofika Kiuyu, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Faki alikuwemo, kawahi kwa gari la mizigo, yeye na baiskeli yake, mikono yake ina udongo wa kaburi la shangazi yangu. Na mimi, badala ya kumwomba msamaha, nikamfokea.

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambiaje?" akasema. "Hata salamu hukuniitikia." Akaenda zake kunawa.

Bi Mize, jirani aliyemuuguza, aliniita pembeni. "Kila kengele ya baiskeli ikilia njiani alikuwa anauliza, 'Ndiye?' Namwambia, 'Subiri, yuaja.' Alitaka akupe radhi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Jua lilipopanda akaacha kuuliza."

Nikaenda nyuma ya nyumba ilikokuwa baiskeli ya Faki, nikaitia kiraka mbele ya wafiwa wote, wa upande wetu na wa upande wao, machozi yananitoka. Faki alinisamehe, hata mwezi haukupita. Ijumaa zetu zikarudi, na wale waliocheka barazani wakanihama. Lakini radhi ya Bi Time sikuisikia, nami sasa nimeshapita miaka themanini.

Basi nasaha yangu ni hii, na nimechoka kuirudia. Mtu akikutolea salamu, itikia, kisha msikilize mpaka mwisho, maana hujui kabeba nini. Baiskeli yake ikiwa mbovu, ishike uitengeneze kama unaweza, na chama chake muachie mwenyewe. Ukiwa na nafasi kwenye keria, mpakie anayekwenda kwa miguu. Wakubwa wa siasa walikuja kupatana, wakala meza moja. Mimi Bi Time sikumpata tena.

Na radhi yangu siiweki mpaka siku nitakapokuwa hoi, wewe ukachelewa njiani. Nakupa leo, na hasira zangu hizi hizi. Niko radhi nawe duniani na akhera, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufanye mwepesi wa kuitikia watu, na akufikishe kwa kila anayekungoja. Sema amin, niisikie.