Mgeni Asiye na Habari

Ningekuwa mtu wa kutulia, mwaka jana ningekwenda Kindu kwa mama yangu kama watu wengine waendavyo likizo: kulala, kula sombe ya majani ya muhogo, kunenepa. Lakini mimi huandika riwaya. Siandiki kwa riziki. Riziki yangu iko katika ofisi moja ya serikali mjini Lubumbashi, ambako nagonga mihuri kutwa nzima. Riwaya ni ugonjwa wangu wa jioni, ndivyo mke wangu anavyouita. Tulipopanga safari aliniomba jambo moja tu, kwamba kwa likizo hiyo niwe baba wa watoto wangu. Nikakubali huku nikijua namdanganya.

Riwaya yenyewe ilikuwa imekwama mahali pamoja. Wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na chumvi ikawa ya kusikia tu, kaka yangu mkubwa alipakia madumu ya mawese kwenye baiskeli, akaisukuma kuelekea Pangi akayabadilishe kwa chumvi. Hakurudi. Hakuna aliyemwona hai, wala aliyeona kaburi lake. Katika riwaya yangu alikuwamo kijana kama yeye, mwenye baiskeli kama ile, na kila nilipofika kwenye sura ya kumwua au kumrudisha nyumbani, mkono uligoma. Niliamini kwamba mama akinisimulia siku ile vizuri, nitajua la kufanya.

Basi tukafika. Watoto wakaivamia nyumba ya bibi yao, wakawa wenyeji kabla ya jioni. Mimi nilishindwa hata kukaa kwenye kiti. Nilijificha nyuma ya nyumba na karatasi zangu, mtu akija kunisalimu nazikunja. Chakula nilikidonoa tu. Niliteremka mtoni, nikarudi, nikaenda stesheni kutazama reli zisizo na treni, nikarudi tena. Mke wangu alipowachukua watoto kwa pirogi, mtumbwi wa huku kwetu, kwenda Lokandu kumwona shangazi yangu, nilisema naumwa kichwa, nikabaki. Alinitazama kwa jicho la kunijua, akaondoka bila kubishana.

Walipoondoka tu, nikamfuata mama jikoni. Nikamwuliza kaka, au yaya kama tunavyomwita kwetu, alivaa shati gani siku ile. Kovu lake lilikuwa goti lipi? Alisema nini mlangoni? Mama alijibu yote kwa sauti ndogo, akiendelea kuchambua mchele. Hakuniuliza kwa nini nataka kujua. Na mimi, mjinga mkubwa, nikafurahi kwamba kazi inakwenda.

Nilikuwa nimesahau nilizaliwa wapi. Kwetu habari ya kifo haitupwi mlangoni. Anayeileta huja kama mgeni wa kawaida. Anapokewa, anakula kidogo, analala. Anazungukazunguka, anakaa pembeni, anaulizia habari za mtu yule kana kwamba ni maongezi tu, mpaka moyo wa mwenye msiba uanze kuelewa wenyewe. Mjomba wangu alipotuletea habari kwamba babu amefia Tunda, alikaa kwetu siku kadhaa bila kusema neno, na mama alikuwa amekwisha kujua zamani, kwa jinsi alivyoshindwa kumaliza sahani. Mimi nilikuwa nimefanya yote hayo, hatua kwa hatua, tena vizuri kuliko hata mjomba.

Kesho yake alasiri, nikirudi kutoka mtoni, nilisikia kilio kabla sijafika nyumbani. Nikawaza watoto wangu, nikawaza pirogi. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Uani mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wa jirani wameketi, na mama yuko katikati yao, kitambaa cha kichwa amekifungua, miguu ameinyoosha. Mjomba akaja kunishika mkono.

“Pole, mwipwa wangu,” akasema. “Umebeba muzigo muzito peke yako. Sasa tuambie alikufia wapi, tumusomee dua.”

“Nani?” nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

“Yaya yako.”

Sijui ni aibu gani inayozidi ile. Nilisimama mguu mmoja peku, nikawaeleza watu wazima kwamba sina habari yoyote, kwamba ninaandika kitabu, kitabu cha mambo ya kubuni. Mjomba aliniachia mkono. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema kumlilia mtu ambaye kifo chake hakijulikani ni kumwitia mabaya, akaamuru mikeka ikunjwe upesi kabla watu wengine hawajaja. Wanawake wakaanza kuinuka. Nami nikainama kukunja mkeka wa kwanza, nikitamani ardhi inimeze.

“Acheni mikeka,” mama akasema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa amejifuta uso kwa ncha ya kitenge, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini yametulia kuliko nilivyoyaona tangu nifike.

“Tangu vita, kila mulango ikilia nafikiri ni yeye. Leo nimelia, moyo umeshuka. Munataka nirudi kungoja tena?”

Mjomba akarudi kuketi. Wanawake waliokuwa wamesimama wakaketi mmoja mmoja, bila kuambiwa. Kisha mama akanigeukia mimi, ambaye bado nilikuwa nimeinama na mkeka mikononi.

“Mu kitabu yako, ulimuzika?”

“Hapana, mama. Yuko njiani bado.”

Alinitazama kwa huruma, huruma ambayo sikuistahili siku ile.

“Utamuchokesha mpaka lini?” akaniuliza.

Nikautandika tena ule mkeka, nikaketi karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke na baiskeli yake, nikamlilia kaka yangu.