Dawa ya Kudumaza

Kabla sijaolewa kijijini Ngana, huku Kyela, nilikuwa kibarua kwenye shamba la stroberi huko juu kwenye baridi. Huko nilijifunza jambo ambalo Kyela hakuna anayelitaka: mmea ukinawiri mno haukupi kitu. Stroberi ikipata joto inasahau matunda, inatoa vitawi virefu vinavyotambaa ardhini, sisi tukiviita kamba. Tiba yake ni dawa ya kudumaza. Unapulizia kidogo, mmea unabaki mfupi, na nguvu ya kwenda kwenye kamba inabaki kwenye tunda.

Nilikuja na miche na chupa ya dawa hiyo. Baba mkwe akanipa tuta kando ya kakao yake, penye kivuli, kwa sharti: nisipochuma kitu kabla ya mvua, anapanda kakao. Lilikuwa tuta la kwanza maishani mwangu ambalo watu walilitaja kuwa langu. Nililitaka mno.

Sharti hilo lilinifikia kupitia kwa mama mkwe. Kwa mila yetu, mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe wala hamtazami. Wakikutana njiani, mwanamke anajitosa kwenye migomba. Wengi siku hizi wamelegeza. Baba mkwe hakulegeza, nami sikutaka kuonekana nimeanza mimi. Tuliishi ua mmoja nikimfahamu zaidi kwa miguu, maana sikuinua macho.

Nikapulizia. Miche ikadumaa vizuri kabisa. Siku chache baadaye ikaanza kukimbia kama maboga. Nikapulizia tena, ikatulia, kisha ikakimbia tena, majani mapana, kamba kila upande, tunda hakuna. Majirani wakaja kunipongeza. Chupa ilipoisha nikanunua nyingine dukani, kule mtaa wa Bondeni, yakawa yale yale, nikarudi kumwambia mwenye duka kwamba anauza maji. Akaapa kwa Mungu, akanipa kiti. Nikakataa kukaa.

Asubuhi moja nikawahi shambani, nikaiona miguu ile kwenye tuta langu. Nikaingia kwenye migomba. Baba mkwe alikuwa na ndoo ya mbolea ya kukuzia mpunga. Aliinama kwa kila mche, akaweka kidogo kwa vidole, akafukia taratibu kama anayelisha mgonjwa. Nikaelewa yote. Ameiona miche ya mkwewe imedumaa, akadhani inakufa, na hakuwa na njia ya kuniuliza. Mimi nadumaza, yeye anakuza, na wote tuna nia njema. Nilikasirika, papo hapo nikamhurumia, na hasira ikakosa pa kwenda.

Ningeweza kumfuata mama mkwe nimtume. Lakini mpaka afike, tuta zima lingekuwa limekwisha kulishwa, na mvua hazikuwa mbali.

“Tata,” nikamwita baba kwa lugha ya kwetu kutoka kwenye migomba, “inatosha. Haifi. Nimeidumaza mwenyewe ili izae.”

Hakugeuka. Akautoa mkono kwenye ndoo.

“Mimi nilidhani inakufa,” akaiambia miche, “na wewe unaona aibu kusema.”

Akachukua ndoo yake, akapita njia ya mbali ili mimi niweze kutoka. Nilitoka nikakaa juu ya tuta, nikalia, sijui kwa nini hasa, maana hakuna aliyenigombeza.

Mvua zilinikuta nimechuma kikombe, tena si kikombe kikubwa. Nikampa mama mkwe ampelekee mumewe. Nilisubiri jikoni nikichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Akarudi na kikombe kitupu.

“Anasema ni chachu,” akasema. “Na tuta ni lako. Ila ukitaka tena kudumaza kitu, umwambie mapema.”

Nikauliza nitamwambia kupitia kwa nani.

Akasema hilo hakutumwa.