Niliunguza Seramu ya Mwenzangu, Nikaandika Dakika Thelathini

Niliharibu mimi. Nianze na hilo kabla sijajitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitazunguka mpaka nionekane malaika.

Mimi ni mwanamke kutoka Kenya. Nimeishi Kampala miaka mingi, nikifanya kazi katika maabara ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kutunza vitu vya kwenye friza: kupokea, kuyeyusha, kugawa, kuandika daftarini. Tena mimi ndiye niliyeongoza maombi ya saa ya chakula cha mchana. Wenzangu waliniita Pasta, na jina lile nililipenda kuliko nilivyopaswa.

Mwenzangu nitamwita Faida, ingawa si jina lake. Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, mtu wa sauti ya chini. Kwao alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, lakini vyeti viliungua pamoja na nyumba. Bosi wetu akampa miezi sita ya majaribio: alee seli za ini, zile tunazopimia dawa za malaria, zikae hai mpaka mwisho, naye ataajiriwa. Zikifa, basi. Tangu avuke mpaka hakuwa amepata kazi ya fani yake hata siku moja. Kila asubuhi alifika kabla mlinzi hajamaliza chai.

Sasa seli nazo zina chakula chake. Chakula hicho huchanganywa na seramu, majimaji ya rangi ya asali yanayotokana na damu ya ndama. Inatoka ng'ambo ikiwa kwenye barafu, na haitaki mchezo. Unaiyeyusha polepole kwenye friji. Huitikisi kwa nguvu. Halafu sisi tuliipasha kwenye beseni la maji la umeme, nyuzi hamsini na sita, dakika thelathini tu. Ikizidi sana, ile nguvu ya kukuza seli inakufa. Ukimaliza unaigawa kwenye vichupa na kuigandisha, na kichupa kikishayeyuka hakirudi tena kwenye friza. Haya yote nilikuwa nawafundisha wengine!

Siku niliyoharibu, niliiweka chupa ya seramu ya Faida kwenye beseni saa saba mchana, maombi yalipokuwa yanaanza. Nikajiambia nitachomoka katikati, niitoe, nirudi. Lakini wimbo ulikolea, jamani. Watu walilia, nami nikapanda juu na sauti yangu, nikasahau kabisa. Na unajua tulikuwa tunamwombea nani? Faida mwenyewe, apate kazi ile.

Niliporudi, saa mbili na zaidi zilikuwa zimepita. Seramu ilikuwa nzito, ina ukungu, na chini yake mabonge kama maziwa yaliyokatika.

Kwenye friza kulikuwa na chupa nyingine mbili za aina ile ile. Ningesema, tungefungua moja, yakaisha. Lakini bosi alikuwa ameshatuonya kwamba maombi yakila tena muda wa kazi atakifunga kile chumba tulichoombea. Nikaona aibu. Pasta mzima! Nikaichuja mpaka ikapendeza macho, nikaigawa kwenye vichupa kumi, nikavipanga kwenye rafu ya Faida. Daftarini nikaandika: dakika thelathini. Nikaweka na sahihi.

Wiki ya kwanza ya kufungua vichupa vile, seli zake zilizubaa tu. Ya pili zikaanza kujikunja, zikabanduka kwenye kitako cha chupa, zikaelea. Faida akabadilisha glavu. Akasugua kabati la joto zinamolelewa, ndani na nje. Akamwaga kila alichokuwa amechanganya, akaanza upya, na kila alipoanza upya alitumia seramu ile ile. Akaacha hata kujipaka mafuta mikononi, akidhani ndiyo yanayoua seli, mpaka ngozi ikapauka na kupasuka.

Siku moja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama huenda seramu ndiyo yenye shida. Nikalifungua daftari, nikamwekea kidole kwenye mstari wangu. Akasoma. Akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi!

Ningeweza kusema hapo. Sikusema.

Kisha akaja kwenye maombi, akasimama mbele ya wenzetu na kueleza kwamba seli zake zinakufa na hajui kosa lake. Nikamwekea mkono kichwani. Nikakemea kila roho ya uharibifu itoke kwenye chupa za dada yetu, nikakemea mpaka koo likakauka. Watu wakaitikia amina. Na mharibifu alikuwa amesimama pale pale, amevaa kitenge!

Mwezi wa tano wa majaribio bosi alimwita. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka karatasi. Hakumfokea.

"Nyabo," alimwambia, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "hii kazi si ya kila mutu. Seli hazikubali mikono yako."

Faida hakubisha. Alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akanikabidhi, akaniambia niendelee kumwombea. Nilisema nitaendelea. Ee Mungu, nilisema hivyo bila hata kupepesa macho!

Mimi nilipandishwa cheo, eti kwa uangalifu.

Ndipo nikaanza kushindwa kuomba. Nikifungua mdomo, maneno hayaji. Nikawaambia wenzangu nina kidonda cha koo, nikampisha mwingine aongoze. Nilikonda mpaka mwenye nyumba wangu pale Bukoto akaniuliza kama naumwa. Nilivumilia mwaka na ushee, kisha siku moja nikaingia ofisini kwa bosi nikatapika yote. Akasema nafasi ya Faida ilishapata mtu, na kwamba mimi pia niondoke. Nilistahili.

Nikaenda kumtafuta Faida. Nilimkuta soko la Owino, anauza nguo za watoto za mitumba. Alifurahi kuniona, heri asingefurahi. Akanipa kigoda, akataka kuniagizia soda. Nikamweleza kila kitu, tangu beseni mpaka daftari. Alikuwa anakunja sweta, akaendelea kuikunja. Aliniuliza jambo moja tu, kama friza ilikuwa na chupa nyingine siku ile. Nikamwambia mbili.

"Dada, ungeniambia tu ile siku," alisema. "Tungeimwanga, tukafungua ingine."

Nikalia pale pale katikati ya nguo za watu. Nilitaka anitukane, hata anipige. Hakufanya hivyo. Alitafuta pa kuiweka ile sweta, halafu akanieleza habari ya mdogo wake, binti ambaye sikuwahi hata kujua kwamba yupo. Alikuwa amefaulu sayansi vizuri, na kanisa lao likamtafutia nafasi chuoni asomee maabara bure. Faida ndiye aliyekataa.

"Nilimukatalia mimi," alisema. "Nilimwambia hii kazi haitaki mikono ya kwetu."

Nafasi ile ilipewa mwingine. Binti anasuka nywele sasa, na vitabu vyake alivigawa. Faida aliponiambia hayo, mteja akauliza bei ya kaptura, naye akanyanyuka kumhudumia. Sikuthubutu kumwomba msamaha. Niliondoka nikipapasa njia kwa machozi.

Wewe unayenisoma, uwe maabara, uwe jikoni, uwe popote wanapokuamini: ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla hujapata muda wa kupanga maneno. Utafokewa, utaona aibu, yatapita. Usifanye kama mimi, nikanyamaza kulinda jina langu, mpaka nikaharibu hata maisha ya binti ambaye sijawahi kumwona uso.