Mawe Niliyoyapanga Kwenye Tuta la Lambo

Nilipomwambia mume wangu kwamba nimejiandikisha kwenye mashindano ya Mwanza, ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati, aliniuliza swali moja tu: "Nani amekukosea?"

Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, nafundisha jiografia katika sekondari moja nje kidogo ya Segese, na hakuna aliyenikosea. Nilitaka tu kujua kama mwili niliokuwa nikiukalisha kutwa katika ofisi ya walimu bado ulikuwa wangu.

Baiskeli haikunipa shida. Huku kwetu kila mtu hupanda baiskeli, na mwenye magunia ya mkaa alinipita huku akiongea na simu. Kukimbia ndiko kulikokuwa na adabu zake. Jua la kiangazi likishapanda halina mzaha, kwa hiyo nilitoka alfajiri, saa ile ile ambayo wazee hutoka kwenda mazizini. Mwanamke aliyelelewa Usukumani hampiti mzee mbio. Husimama, akapiga goti, akaamkia, kisha akangoja aulizwe habari za nyumbani, za mume na za ng'ombe, hata kama ng'ombe hana. Baada ya majuma machache nilikuwa na magoti imara kuliko mapafu.

Lakini kuogelea ndiko kulikonikosesha raha. Ziwa liko mbali nasi. Tulicho nacho ni lambo, bwawa lililochimbwa kwa ajili ya mifugo, lenye tuta refu la udongo linalozuia maji yasishuke bondeni. Nilikwenda kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kamati ya lambo, mfugaji asiyependa maneno mengi.

"Utafua humo?" aliuliza.

"Hapana."

"Utanywesha nini?"

"Sina mfugo. Nitaogelea kwenda na kurudi."

Akaniita mama kwa Kisukuma: "Haya, mayu. Ila utoke kabla ng'ombe hawajafika. Wao wana shida ya maji kweli."

Nikaulizia dawa ya kichocho, nikanunua miwani ya maji, nikaingia. Shida yangu, niseme ukweli, ilikuwa woga wa kuzamisha kichwa. Ili kujilazimisha, nilijiwekea sheria: kila nikivuka lambo, lazima nizame niokote jiwe chini na kuliweka juu ya tuta. Mawe yaliniambia nimevuka mara ngapi, na yalinishuhudia kwamba sikudanganya. Niliyapanga mstari, yamenyooka vizuri, kisha nikaenda zangu shuleni nikiwa na harufu ya tope na furaha ya mtoto.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo kila mtu wa eneo lile alilijua na mimi peke yangu nilikuwa nimelisahau. Shahada yangu ni ya jiolojia. Kabla ya kushika chaki nilifanya kazi ya kutafuta madini, na kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka porini, kuokota mawe na kuyapanga mstari.

Nilianza kuona kwamba mawe niliyoyaacha jana hayapo leo. Nikadhani ni mbuzi wanayasukuma. Njiani watu nisiowafahamu walianza kunisalimia kwa uchangamfu mno. Mmoja wao, mchimbaji mwenye vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, hadi kwenye kope, aliniuliza: "Madamu, kule lamboni kunaendaje?" Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba kunaendelea vizuri, kila siku afadhali ya jana.

Asubuhi moja nilikuta tuta limejaa watu wenye sururu na makoleo. Shimo lilikuwa limeshaanza. Mwenyekiti alisimama katikati yao akiwa na fimbo yake.

"Madamu," alisema, "nilikupa maji uogelee. Umeniletea rashi."

Rashi ni neno la wachimbaji kwa ule mkurupuko wa watu kukimbilia mahali panaposemekana pametoka dhahabu. Kiongozi wao, mtu mzima mwenye sauti ya upole na tochi kichwani ingawa jua lilikuwa limechomoza, alinisogelea kwa heshima.

"Hatuna ugomvi na wewe, Madamu. Wewe chukua ya majini, sisi tuachie ya kwenye tuta."

"Sichukui chochote. Naogelea."

"Mtu mwenye digrii ya mawe."

"Ndiyo."

"Anakimbia alfajiri wala hafukuzwi. Anazama, anaibuka na jiwe, analipanga. Kila siku."

"Ndiyo."

"Na hapati kitu."

"Sipati kitu."

Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Ndivyo wanavyosema wote waliopata."

Wakacheka, na mimi ningecheka kama nisingetazama chini ya lile shimo. Udongo ulikuwa umeanza kulowa. Wangechimba kidogo tu zaidi, na maji yote ya kiangazi yangeshuka bondeni, ng'ombe wabaki wakilamba tope mpaka mvua ije. Nyuma ya mwenyekiti kundi la kwanza lilikuwa tayari linateremka kuja kunywa.

Nikakumbuka enzi zangu za porini. Hakuna mchimbaji hata mmoja aliyewahi kuamini tulipomwambia kilima hakina kitu. Waliamini siku tuliyong'oa mahema tukaondoka.

"Zibeni shimo," nikasema. "Kuanzia leo sikanyagi hapa. Mkiniona nimerudi, chimbeni mpendavyo."

Kiongozi alinitazama kwa makini. "Mtu haachi dhahabu hivi hivi."

"Basi kaa uone nitakavyoiacha."

"Na mashindano yako?" aliuliza mwenyekiti taratibu. Alijua vizuri kwamba maji mengine hakuna.

"Nitaogelea nyumbani."

Shimo lilizibwa asubuhi ile, mwenyekiti akikanyaga mwenyewe kila koleo la udongo lililorudishwa. Nami niliogelea nyumbani kweli: sebuleni, tumbo juu ya stuli, mikono ikipiga hewa, huku mume wangu akila uji na kunionya nijihadhari na mamba. Kila nilipotoka kukimbia nilimkuta mchimbaji mmoja ameegesha pikipiki karibu na geti letu, akinitazama naelekea upande usio wa lambo. Walikuwa wakipokezana. Baadaye wakaanza kuruka siku, na mwishowe geti likabaki na kuku peke yao.

Kule Mwanza sikung'ara. Mwili uliofundishwa na stuli haujui mawimbi, na sehemu kubwa ya safari ile ya majini niliogelea chali, nikipiga miguu na kuangalia mawingu. Lakini kila woga uliponibana niligeuka, nikazamisha kichwa kana kwamba kuna jiwe linanisubiri chini. Nilipotoka majini nikipepesuka kuelekea kwenye baiskeli, nilimwona kiongozi wa wachimbaji nyuma ya kamba ya watazamaji, amevaa shati lililopigwa pasi, hana tochi.

Aliningoja mpaka nikamaliza kukimbia, na hilo lilimgharimu sehemu nzuri ya siku.

"Nilidhani umehamia ziwani," alisema. "Nikasema nije mwenyewe nihakikishe."

"Na umeonaje?"

"Mmeingia wengi, na wote mmetoka mikono mitupu." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Kumbe ni kuogelea tu. Hivi wanawalipa?"

"Sisi ndio tunalipa ili turuhusiwe."

Akanipa pole, ile pole ya msibani, yenye kushika mkono kwa mikono miwili. "Nitawaambia wenzangu. Rudi kwenye lambo lako, Madamu. Pale hapana kitu."

Nimerudi. Mwenyekiti alinipokea kwa sharti moja, kwamba jiwe lisitoke tena majini, na anapopita na ng'ombe wake hulikagua tuta. Siku hizi nahesabu kwa magunzi ya mahindi ninayokuja nayo kutoka nyumbani. Kila nikivuka naweka moja juu ya tuta, na mara nyingi mbuzi hulila kabla sijarudi na la pili.